Miaka Yangu na Kabati la Wazazi

Wenzangu mliobaki maktabani mmeniomba niandike kazi yetu ilivyokuwa, kwa sababu, mlisema, nimeondoka na mambo mengi kichwani. Nashukuru. Mngeniuliza nilipokuwa bado na dawati ningewajibu kwa mdomo, lakini wakati huo mlikuwa mkiniuliza tu kama chai imeiva. Basi nimekaa barazani kwangu hapa Mtopanga na daftari la kurasa mia, naandika. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili, na cha pili nilipewa miezi minne kabla ya kustaafu, nadhani ili barua ya kuniaga ipate la kusema.

Siku ya kwanza nilikwenda na buibui jipya lililopigwa pasi, nikitarajia kuzungumziwa mambo ya elimu. Mkuu wa maktaba, Bwana Musyoka, alinipa makasi, gundi na bunda la plastiki. Alinionyesha kuvalisha kitabu jalada: unaacha upana wa vidole viwili kila upande, unaanza kubana kwenye uti wa kitabu ukienda nje, na rula unaipitisha polepole ili hewa isibaki ndani. Ikibaki hewa, joto la Mombasa litaivimbisha, na kitabu kitafanana na mtu aliyeng'atwa na nyuki. Nilivalisha vitabu kutwa nzima. Elimu haikutajwa.

Bwana Musyoka alikuwa Mkamba wa Machakos. Alikuwa amekaa hapo Kisauni, mtaa wa maktaba yetu, miaka ishirini na watu wa mtaa walikuwa bado wanamsahihisha Kiswahili. Akisema "kitabu hii", mtoto wa darasa la kwanza anamjibu, "Kitabu hiki, mzee." Hakukasirika hata siku moja. Aliniambia kwamba kila anayetaka kumsahihisha lazima kwanza aingie maktabani, na kwa hesabu yake makosa yake yalikuwa yametuletea wanachama wengi kuliko matangazo.

Jioni ya siku hiyo alinipeleka pembeni, nyuma ya magazeti ya zamani, kwenye kabati la mbao lenye mlango mmoja.

"Hii ni ya wazazi," alisema. "Hakuna mtu anaitaka. Chukua wewe."

Ndivyo nilivyokabidhiwa vitabu vya kulea vijana. Vilikuwapo vya balehe, vya kupasi mitihani, vya kuchagua kozi, vya kumwandaa mtoto aende chuo. Vichache vilikuwa vya kwetu. Vingi vilikuja kwenye maboksi ya msaada kutoka nchi za mbali, na waliovitoa walikuwa watu wema ambao hawakuwahi kulala chumba kimoja na watoto wanne. Kimoja kilisema kijana akikasirika mwache aende chumbani kwake, afunge mlango, mzazi asiingie bila kuombwa. Mama mmoja wa Utange alinirudishia kitabu hicho akaniuliza kwa upole, "Bi Rukia, sasa yeye akienda chumbani kwake, sisi wengine tutoke tukakae wapi?" Kingine kilikuwa na orodha ya vitu vya kubeba kwenda chuoni: makoti mawili mazito, buti za manyoya, na koleo la kuondolea theluji mlangoni. Nilikivalisha plastiki vizuri sana. Kilihitaji kinga.

Bwana Musyoka alinifundisha jambo moja ambalo nataka mlishike. Ukitaka kujua kitabu kinasomwa, usiangalie kadi ya kuazima, angalia uchafu. Kifunge, kigeuze, tazama ukingo wa kurasa: pale penye mstari mweusi ndipo watu walipotia vidole. Kwa njia hiyo nilijua kwamba kitabu cha kumfanya mtoto afaulu mtihani kilikuwa cheusi kuanzia mwanzo hadi mwisho, tukakinunua upya mara tatu. Kitabu cha kumsikiliza mtoto kilikuwa cheupe kama siku kilipotoka kiwandani, isipokuwa ukurasa mmoja, na ukurasa huo ulikuwa na mchoro wa keki.

Cha balehe ndicho kilichochakaa kuliko vyote, na hakikuchakazwa na wazazi. Kamati ya maktaba ilipogundua kwamba wasomaji wake ni wale wanaobalehe, ilishtuka sana. Ikaamua kitabu kifungiwe, na kila kijana anayekitaka alete barua ya mzazi. Wiki ile ile zikaanza kuja barua. "Mimi mamake Salma naruhusu." "Mimi babake Katana naruhusu." Zilikuwa barua za heshima, zenye salamu na dua, na zote ziliandikwa na mkono mmoja, mkono wa mtoto mwenye hati nzuri aliyejua bei ya hati nzuri. Nilizipokea zote, nikazitia kwenye faili. Kamati ilikagua faili mwisho wa mwaka ikafurahi kuona wazazi wa Kisauni wanavyofuatilia mambo.

Akina baba walikuwa kundi lao peke yao. Baba haombi kitabu cha kulea mtoto. Baba anasimama mbele ya kabati kama anayesubiri mtu, kisha anasema kuna jirani yake ana shida na kijana wake. Nilijifunza kumuuliza, "Huyo jirani yako kijana wake ana miaka mingapi?" na jibu likaja papo hapo, pamoja na jina la shule na alichofanya Jumanne. Kitabu nilikifunga kwenye gazeti, akakitia kwapani. Mmoja wao, fundi wa matrela Changamwe, alikirudisha baada ya siku tatu. Alisema alimsomea mwanawe ukurasa wa kumi na tano kwa sauti, kama kitabu kilivyoagiza, na mtoto akalala. Nikamwambia huenda hilo ndilo lililokusudiwa. Aliazima tena.

Msinione nawacheka. Mimi mwenyewe nimelea watoto watatu huku nikiwa na ufunguo wa kabati lile, sikufungua hata kitabu kimoja kwa ajili yao, na wote watatu wamekuwa watu wazima wenye malalamiko.

Bwana Musyoka alipostaafu akarudi kwao, nilianzisha kikao cha wazazi cha Jumamosi asubuhi. Niliona ni rahisi kuwasomesha pamoja kuliko kuwasikiliza mmoja mmoja. Tulipanga viti duara, nikaweka vitabu mezani katikati, na wazazi wakaja. Walivitazama vile vitabu kama sahani za karamuni ambazo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kupakua, kisha wakaanza kusifia watoto wao. Kikao kilidumu miaka mingi kwa sababu hiyo. Aliyevuma zaidi alikuwa Baba Brian, mtu wa Kakamega anayefanya kazi bandarini, ambaye kila Jumamosi alitueleza jinsi Brian wake anavyosoma mpaka anaambiwa apumzike. Sisi wengine tulimtazama kwa heshima na chuki kidogo.

Sasa nifike kwa Mama Kadzo, kwa sababu yeye ndiye kesi iliyonishinda.

Mama Kadzo ni fundi wa kushona sare za shule, mwenyeji wa Utange, mjane. Alikuwa na binti mmoja, Kadzo, mtoto mpole mwenye mikono isiyotulia. Ukimwachia kalamu kwa dakika mbili utaikuta imefunguliwa, springi huku, wino kule, na yeye anakuomba radhi. Kadzo alifanya mtihani wa kidato cha nne, matokeo yakatoka Januari, na Jumamosi iliyofuata mamake alisimama kikaoni na leso yake mpya akasema, "Namshukuru Mungu. Kadzo anakwenda chuo kikuu." Tukapiga makofi. Baba Brian alipiga makofi pia, polepole.

Kuanzia siku hiyo mama aliazima vitabu vya chuo kikuu kwa mpangilio, kimoja baada ya kingine. Alikuja Jumatatu na Alhamisi, akakaa meza ya karibu na dawati langu, akasoma huku akifuata mistari kwa kidole. Kadzo naye alikuja kila asubuhi na faili, akakaa meza ya mwisho upande wa dirisha. Aliniambia anajiandaa. Nilipopita nyuma yake niliona anajiandaa kwa riwaya za mapenzi.

Mama akawa mjuzi wa chuo kikuu kuliko watu waliokisoma. Aliwaeleza wenzake kikaoni habari za mihula, za kuahirisha masomo, za kuishi na mgeni chumba kimoja. Siku moja aliniuliza kama huko Eldoret, kwenye chuo alichomchagulia Kadzo, kuna theluji, maana hajaliona koleo lile sokoni Kongowea. Nikamwambia Eldoret ni baridi lakini si kwa kiasi cha koleo.

Mwezi wa pili Kadzo alirudisha riwaya, nami nikaipekua kama tunavyopekua vitabu vyote vinavyorudi. Katika kazi yangu nimekuta vitabuni picha za pasipoti, barua za posa, na mara moja kipande cha chapati kilichobanwa kikawa bapa kama jani. Safari hii nilikuta karatasi ya matokeo. Ilikuwa ya Kadzo. Alikuwa amepata C bila plasi, na kwenda chuo kikuu kunahitaji plasi.

Nilimwita nyuma ya kabati.

"Abee," aliitika, akaja. Alipoiona karatasi mkononi mwangu alilikumbatia faili lake.

"Mama anajua?"

"Bado."

"Unangoja nini, mwanangu?"

"Nangoja apunguze kufurahi kidogo."

Nikamwuliza anataka kufanya nini. Akaniambia, akitazama chini, kwamba anataka kusomea ufundi wa majokofu na mashine za kupoza hewa, na kwamba C yake inamtosha kabisa kwa stashahada. Alikuwa ameyachunguza yote hayo kwenye kompyuta yetu. Lakini maombi ya vyuo yalifanywa kwenye tovuti, na tovuti ilitaka namba ya cheti cha kuzaliwa, na cheti, alivyojua yeye, mamake alikuwa amekifungia kwenye mtoto wa meza ya cherehani, pamoja na vifungo. Mama alikuwa amemwambia asijisumbue, wakati ukifika watajaza pamoja.

"Basi kamwambie leo."

"Nitamwambia, Bi Rukia."

Hakumwambia. Nami, mwenye miaka yote ile ya kuwashauri watu waseme na watoto wao, nilikaa kimya. Nilijipa sababu: siri si yangu, mtunza maktaba hatangazi anachokikuta vitabuni. Ni sababu nzuri, na mkitaka kuitumia mtaiona inafaa karibu kila mahali palipo na woga. Mama Kadzo alikuwa akikaa mbele yangu, bintiye akikaa kule mwisho, meza nne katikati yao, na mimi nagonga muhuri wa tarehe kama mtu asiyejua kitu.

Mara moja aliinua kichwa akaniuliza, "Bi Rukia, huna kitabu cha mzazi ambaye mtoto wake hasemi?"

 Nikampa kile cheupe cha kusikiliza. Alikisoma chote, hata ukurasa wa keki.

Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa moja ya mwezi wa tatu. Alhamisi yake, asubuhi, nilifika kazini bila kulala. Kadzo asipojaza angepoteza mwaka mzima, na najua mwaka unavyompoteza msichana aliyekaa nyumbani Utange bila shughuli. Niliamua kwamba mama akiingia nitamwambia mwenyewe, siri ya kazi iende zake. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Yalikuwa maneno mazuri, nusu yake nimeyatoa kwenye utangulizi wa kitabu.

Akaingia saa nne. Hakwenda mezani kwake. Alivuta kiti akaketi mbele ya dawati langu, akafungua kitabu alichoazima, akatoa humo karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa cheti cha kuzaliwa cha Kadzo.

"Nisamehe," alisema. "Natembea nacho ndani ya vitabu vyako tangu Januari. Kila siku nasema leo nitampa."

"Umpe afanye nini?"

"Ajaze fomu ya stashahada. Kesho si wanafunga?"

Nikamtazama. Maneno yangu yote mazuri yakanitoka.

"Mama Kadzo, kumbe unajua?"

"Namba yake ya mtihani niliiandika kwa chaki ukutani, juu ya cherehani. Siku yalipotoka matokeo nilituma ujumbe kwa simu kabla yeye hajaamka. Nikaona C." Alisema polepole, bila kuzungusha. "Nikakaa nikimngoja aniambie. Hakuniambia. Jumamosi mkaniuliza habari za mtoto, wote mnanitazama, nikaona nimeshasema anakwenda chuo kikuu. Sijui nani alisema. Ni mdomo wangu."

"Na vitabu vyote hivi?"

"Ningeomba kipi kingine? Ningeomba cha mtoto aliyepata C, wewe ungejua, na kesho yake Utange yote ingejua." Akakisukuma kitabu kwangu. "Nilikuwa natafuta ukurasa wa kuniambia nianze vipi. Mtoto anaficha, nami namficha kwamba najua anaficha. Nimesoma kumi na kimoja, Bi Rukia. Vyote vinaanza mtoto akiwa ameshafaulu."

 Miaka yote nilijua katika kabati lile ni vipi vilikuwa vichafu na vipi vilikuwa safi, na sikuwahi kujiuliza ni kipi hakimo.

Niliinuka nikaenda hadi meza ya mwisho. Kadzo alikuwa amemwona mamake tangu alipoingia, uso umemshuka. Nikamwambia, "Njoo. Mama anajua. Anajua tangu siku ya kwanza." Nilisema hivyo tu. Kati ya ushauri wote niliowahi kutoa maktabani, huo ndio mfupi kuliko wote, na haukutoka kitabuni.

Alikuja akasimama kando ya kiti cha mamake. 

"Shikamoo, mama," Kadzo alisema, kama wamekutana wakati ule.

"Marahaba, mwanangu."

"Nimepata C."

"Nimesikia."

"Umekasirika?"

"Nilikasirika Januari," mama alisema. "Sasa nimechoka tu. Kaa. Unataka kusomea nini?"

"Majokofu."

"Majokofu?"

"Na mashine za kupoza hewa. Za mahoteli, za samaki, za hospitali. Mombasa nzima inatoka jasho, mama. Hiyo ni kazi isiyoisha."

Mama alifikiri. Nilimwona anauweka chini ule mji wote wa chuo kikuu alioujenga kichwani, chumba kwa chumba, hadi koti. Kisha akaninong'oneza, na bintiye anasikia, "Alinifungulia cherehani akiwa na miaka tisa. Ilikuwa inafanya kazi vizuri kabla hajaifungua." Akaninong'oneza tena, "Na baadaye pia."

Tuliwapa kompyuta ile inayofanya kazi. Kadzo alichapa, mama akasoma namba za cheti moja moja kwa sauti ya kanisani. Tovuti ilikuwa imeelemewa, kila Mkenya alikuwa amengoja siku za mwisho kama sisi, na ilituangusha mara nne. Saa tisa na dakika chache ikakubali. Kadzo alipata nafasi yake, na mwezi wa tisa alikwenda kukaa kwa mamake mdogo Chaani ili awe karibu na chuo. Nawaambia hilo mapema msikae roho juu, kwa sababu kilichonibaki zaidi si hicho. Ni Jumamosi iliyofuata, siku mbili baada ya ile Alhamisi.

Mama Kadzo alikuja kikaoni na leso yake ile ile mpya. Sikumwambia aje, wala sikumwambia asije. Wazazi walikuwa kumi na wanne. Nilikuwa nimepanga tuzungumzie namna ya kuchagua kozi, na vitabu nilikuwa nimevitandaza mezani kama kawaida. Kabla sijafungua kikao akasimama.

"Niliwaambia Kadzo anakwenda chuo kikuu," alisema. "Haendi. Alipata C. Nilijua nikawadanganya miezi miwili, nikawafundisha na mambo ya mihula. Anakwenda kusomea majokofu. Nimemaliza."

Akaketi.  Mtu mmoja aliokota kitabu mezani akaanza kukisoma, mara ya kwanza naona jambo hilo kikaoni, na alikuwa amekishika kichwa chini miguu juu.

Baba Brian ndiye aliyezungumza. Aliinama mbele, mikono kati ya magoti.

"Hiyo C yake," aliuliza, "iko na plasi ama haina?"

"Haina," Mama Kadzo alisema, na nikaona anajiandaa kupigwa.

Baba Brian alitikisa kichwa taratibu. Aliangalia viatu vyake, kisha akaangalia mlango.

"Brian alipata D," alisema. "Mimi hata sijaambia mama yake. Anadhani matokeo yake bado yameshikiliwa na baraza la mitihani."

Akanyanyua kiti chake, hakukiburuta, akakiweka karibu na cha Mama Kadzo. Mama mwingine upande wa pili akaanza kulia bila sauti, na mwenzake akamuuliza wake alipata ngapi. Viti vikaanza kusogea. Nilinyoosha mkono nitafute kitabu cha kuwapa, mkono ukazunguka mezani ukarudi mtupu. Basi nikavikusanya vyote nikaviondoa katikati ili viti vipate nafasi. Kisha nikaenda kufunga madirisha, moja baada ya jingine, mtaa usisikie. Humo ndani palikuwa na joto la kuchemsha yai, na hakuna hata mmoja aliyeniambia niyafungue.